Sura ya Tano: Paipu ya Breki katika Gari Lililorefushwa

Gari la utalii linaloonekana Serengeti, Ngorongoro au Maasai Mara, lenye safu kadhaa za viti nyuma ya dereva na paa linaloinuliwa ili wageni wasimame na kutazama wanyama, mara nyingi halikutoka kiwandani likiwa na umbo hilo. Karakana za Arusha na Nairobi hulipokea likiwa Land Cruiser ya toleo la 70, gari ambalo Toyota ililizindua mwaka 1984 na ambalo hadi leo hujengwa juu ya chasi ya chuma iliyotenganishwa na bodi, kisha mafundi huikata chasi hiyo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, huongeza kipande cha chuma, huchomelea, huimarisha kwa bati nene, na kupandisha bodi mpya. Mwenye gari atauliza habari za viti, friji na soketi za kuchajia simu, na fundi mkuu ataikagua weldi kwa makini, kama inavyostahili. Kinachopewa muda mdogo kuliko vyote ni paipu moja nyembamba, isiyofikia nusu ya unene wa kidole, inayopita ubavuni mwa chasi kutoka chumba cha injini hadi ekseli ya nyuma, ambayo baada ya mkato huo imekuwa fupi kuliko gari lenyewe. Namna fundi anavyoutatua upungufu huo ndiyo inayoamua kama gari lililorefushwa litakuwa na breki zake za asili au breki za kubahatisha.

Breki za gari la namna hii hufuata kanuni iliyoelezwa na mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba kimiminika kilichofungiwa ndani ya chombo, kikisukumwa mahali pamoja, husukuma kwa kanieneo ile ile kila mahali kinapogusa. Na kanieneo ni nguvu iliyogawanywa kwa ukubwa wa eneo inaloliangukia. Tuseme mguu wa dereva unakanyaga kwa nguvu ya nyutoni 300, sawa na uzito wa kilo 30 hivi. Pedali, kwa kuwa ni wenzo, huizidisha nguvu hiyo mara 5. Busta, yaani chombo cha mviringo kinachotumia mvuto wa ombwe kumsaidia dereva, kinaweza kuizidisha tena mara 3. Na kinachofika kwenye masta silinda, ile pampu kuu ya breki, ni nyutoni 4,500. Ikiwa pistoni ya masta silinda ina kipenyo cha milimita 25.4, mafuta ya breki yatabanwa kwa kanieneo ya karibu baa 89, ambayo ni zaidi ya mara 30 ya upepo uliomo katika tairi la kawaida, na pistoni ya kalipa yenye kipenyo cha milimita 50 itaibana pedi kwenye diski kwa nguvu inayozidi tani moja na nusu. Kanieneo hiyo yote imo pia ndani ya paipu na ndani ya kila kiungio chake, tangu mbele hadi nyuma, kila mara dereva anapoona pundamilia akikatiza barabara.

Kanuni ilijulikana zamani, lakini magari yalichelewa kuifaidi kwa sababu mafuta yalivuja. Mmarekani Malcolm Loughead, ambaye jina la ukoo wake baadaye liliandikwa Lockheed, alibuni breki za mafuta katika miaka ya 1910; Duesenberg Model A ya mwaka 1921 ikawa gari la kwanza la abiria kutengenezwa likiwa na breki hizo katika magurudumu yote manne; na wahandisi wa Chrysler, katika gari lao la mwaka 1924, waliachana na vikombe vya ngozi vilivyokuwa vikizuia mafuta ndani ya silinda wakatumia vya mpira. Tangu wakati huo maendeleo mengi ya breki yamekuwa, kwa sehemu kubwa, maendeleo ya kuziba.

Hofu ya kwanza inayowajia wenye magari ni kwamba paipu ndefu zaidi itailegeza pedali, na hofu hiyo haina msingi. Paipu ya kawaida ina kipenyo cha nje cha milimita 4.76, ambacho ni sehemu tatu za kumi na sita za inchi, na ukuta wa milimita 0.7 hivi, kwa hiyo kila mita moja hubeba karibu mililita 9 za mafuta. Chasi ikirefushwa kwa sentimita 60, mfumo huongezewa mililita 5 na kidogo, na kwa kuwa mafuta ya breki hupungua ujazo kwa takriban nusu ya asilimia moja tu yanapobanwa kwa baa 100, kinachopotea hapo ni kama tatu ya mia ya mililita, kiasi ambacho mguu wa binadamu hauwezi kukihisi. Hewa ni habari nyingine kabisa. Mililita moja ya hewa iliyonaswa ndani ya paipu hubanwa hadi kufikia karibu sehemu moja ya mia ya ujazo wake wa awali, na ili kuijaza nafasi hiyo pistoni ya masta silinda iliyotajwa hapo juu italazimika kusogea milimita 2 zaidi, ambazo kwenye pedali ni milimita 10. Kwa hiyo urefu wenyewe si adui. Adui ni viungio vinavyoongezwa kiholela, kwa sababu kila kiungio ni mlango wa mafuta kutoka, wa hewa kuingia, na wa uchafu kukaa.

Kuhusu madini ya paipu, uchaguzi halisi ni wa aina tatu. Paipu ya kiwandani kwa kawaida ni ya bati la chuma lililoviringishwa mara mbili na kuunganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa, kisha ikapakwa kinga ya kutu kwa nje; ni imara na ya bei nafuu, ila kinga hiyo ikichubuka kutu huingia, hasa kwa magari yanayopita kwenye tope la magadi la Ndutu na Natron au yanayoishi katika chumvi ya pwani. Aina ya pili ni aloi ya shaba yenye nikeli ya takriban asilimia 10, ambayo Volvo ilianza kuitumia kiwandani mwaka 1976, na ambayo kwa kazi ya kurefusha gari ndiyo inayofaa kuliko zote: haishiki kutu, hupindika kwa mkono bila kuvunjika, na mdomo wake hupanuka vizuri. Chuma kisichoshika kutu ni aina ya tatu. Ni kigumu mno, hupasuka kwa urahisi kinapokunjwa mara mbili mdomoni, na karakana isiyo na vifaa vyake maalumu afadhali iachane nacho. Nje ya hizi tatu ipo paipu ya shaba tupu inayouzwa kwa ajili ya friji na viyoyozi, ambayo huvutia kwa sababu inapatikana kila duka na hupinda kama uzi. Shaba tupu huwa ngumu na kukatika kadiri inavyotikiswa, tabia ambayo wahandisi huiita uchovu wa metali, na gari la utalii hutikiswa siku nzima. Paipu hiyo isifungwe kwenye breki hata kwa muda wa kufika mjini.

Kiini cha kazi yote kimo katika mdomo wa paipu. Paipu ya breki haizibwi na nyuzi za nati. Nyuzi hizo, ambazo mafundi huziita thredi na vitabu huziita hesi, kazi yake ni kusukuma tu, na kinachoziba ni chuma cha mdomo wa paipu kilichopanuliwa, kikibanwa kati ya ncha ya nati na kitako kilichomo ndani ya tundu. Ndiyo maana mkanda mweupe wa kuzibia unaotumiwa na mafundi bomba wa majumbani hauna nafasi hapa: hauzibi chochote, na vipande vyake vikikatika huingia kwenye mafuta na kuziba tundu dogo la masta silinda.

Midomo ni ya aina kadhaa, na haichanganyiki. Magari ya Japani, Land Cruiser ikiwamo, hutumia mdomo uliokunjwa mara mbili: ncha ya paipu hupanuliwa kwanza ikawa kama kitunguu, kisha koni huikunja kwa ndani, ukapatikana mdomo wa faneli wenye tabaka mbili za chuma na mteremko wa nyuzi 45. Magari mengi ya Ulaya huishia kwenye hatua ya kwanza tu, ile ya kitunguu, na tundu lake lina kitako cha umbo la kuupokea uvimbe huo. Vifaa vya magari ya mashindano hufuata utaratibu uliotoka katika jeshi la Marekani, wenye mdomo wa tabaka moja na mteremko wa nyuzi 37. Tofauti ya nyuzi 8 kati ya 37 na 45 haionekani kwa haraka kwa macho, lakini midomo hiyo miwili ikikutanishwa hugusana kwenye mstari mwembamba badala ya uso mpana, na kiungio kinaweza kukauka vizuri karakanani kisha kikaanza kutoa jasho baada ya siku chache za barabara ya vumbi.

Hatari kubwa zaidi ni kwamba nati za Japani na za Ulaya mara nyingi zina hesi moja, yaani kipenyo cha milimita 10 na hatua, au umbali kati ya uzi na uzi, ya milimita 1, hivyo paipu yenye mdomo wa Ulaya itajifunga kwenye tundu la Kijapani bila ubishi wowote, nati itaingia hadi mwisho, na kitako kitakuwa si chake. Hesi kukubali si ushahidi kwamba kiungio ni sahihi. Upande wa pili uko mtego wa hesi ya inchi: nati ya tatu ya nane ya inchi, inayokutwa kwenye magari ya zamani ya Uingereza na Marekani na kwenye masanduku ya vipuri vilivyochanganyika, ina kipenyo cha milimita 9.53 na hatua ya milimita 1.06, kwa hiyo huweza kuingia kwenye tundu la milimita 10 ikiwa imelegea, ikang'ata nyuzi chache tu na kumpa fundi hisia ya kukaza. Baa 89 zitakapofika, nyuzi hizo chache ndizo zitakazobeba mzigo wote. Njia ya uhakika ni kupima kwa kaliper ya vipimo na kwa geji ya hesi, kifaa cha bei ndogo chenye meno ya kulinganishia, na kutonunua nati yoyote bila kubeba ile ya zamani mkononi.

Mdomo mzuri hupatikana kwa utaratibu usioruka hatua. Paipu hukatwa kwa kikata paipu cha gurudumu, kwa sababu msumeno huacha ncha iliyopinda na unga wa chuma ndani. Ncha husuguliwa kwa tupa laini mpaka iwe bapa kabisa. Ukingo wa ndani huondolewa makali. Nati huvishwa kabla ya mdomo kupanuliwa, kwani baada ya hapo haiwezi kupita tena. Paipu hubanwa kwenye kifaa cha kupanulia mdomo ikiwa imetokeza kwa kimo kile kile cha bega la adapta yake. Tone la mafuta ya breki huwekwa kwenye koni, na skrubu hukazwa polepole. Mdomo uliokamilika hutazamwa kwa kioo cha kukuzia kwenye mwanga wa jua. Unapaswa kuwa mviringo, ulio katikati ya paipu, wenye uso laini bila mstari wowote unaokwenda kutoka ndani kuelekea nje. Mstari kama huo, hata mwembamba kama unywele, ni ufa, na dawa yake ni kukata sentimita 2 na kuanza upya. Fundi anayejifunza atumie vipande vya majaribio mpaka midomo yake mitano mfululizo iwe haina kasoro, ndipo aguse paipu ya gari.

Sasa lirejewe swali la upungufu wa sentimita 60. Njia inayoonekana rahisi ni kukata paipu ya zamani palipokatwa chasi na kupachika kipande, wakati mwingine kwa kiungio cha pete, kile kinachobana paipu kwa pete ya shaba bila mdomo kupanuliwa, au hata kwa kulehemu. Viungio vya pete vilibuniwa kwa kazi za kanieneo ndogo na nchi nyingi hazivikubali kwenye breki, na kulehemu hudhoofisha paipu mahali hasa panapotikisika. Hata kiungio halali chenye midomo miwili na nati mbili, ingawa kinakubalika, huongeza sehemu mbili za kuvuja katikati ya chasi ambako hapaonekani bila kulala chini ya gari. Msimamo wa sura hii ni kwamba paipu ya nyuma ibadilishwe nzima, kipande kimoja kutoka kiungio cha asili cha mbele hadi kiungio cha asili cha nyuma. Mita chache za aloi ya shaba na nikeli ni gharama ndogo sana ukilinganisha na ujenzi wa bodi, na idadi ya viungio inabaki ile ile aliyoikusudia mbunifu wa gari. Paipu ya zamani iondolewe kabla ya kuchomelea kuanza, kwa sababu cheche, joto na umeme wa mashine ya weldi huidhuru hata pasipoonekana alama.

Paipu mpya hufuata njia ya ndani ya chasi, mbali na egzosi na shafti ya difu, na mahali ambapo jiwe linaloruka haliwezi kuifikia. Vishikizo vyenye raba hufungwa kila sentimita 30 hadi 40, kwa kuwa urefu usioshikwa hutetemeka, na mtetemo huo huishia kwenye shingo ya mdomo, nyuma kidogo ya nati, ambapo chuma kilikwisha kusumbuliwa kwa kupanuliwa. Barabara ya kuelekea lango la Naabi, yenye mikunjo midogo midogo ya vumbi gumu kwa kilomita nyingi, inatosha kuonyesha paipu gani ilifungwa vizuri na ipi iliachwa ikining'inia. Karibu na masta silinda, paipu za kiwandani huwa zimepindwa kwa mizunguko. Mizunguko hiyo ipo kwa sababu bodi imekaa juu ya raba na husogea tofauti na chasi, na fundi anayeinyoosha ili kupata urefu wa bure huondoa kilichokuwa kikiilinda paipu.

Mwisho wa paipu ngumu huanza mpira wa breki, ule unaoruhusu ekseli kupanda na kushuka. Gari la utalii mara nyingi huinuliwa kwa springi nzito, na hapo mpira wa asili huwa mfupi. Urefu wake upimwe gari likiwa limenyanyuliwa kwa chasi huku ekseli ikining'inia hadi mwisho wake, kisha tena ekseli ikiwa imebanwa juu, na kwa magurudumu ya mbele usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho pande zote mbili. Katika hali zote mpira usivutike, usijisokote, usiguse tairi. Mipira iliyofumwa waya kwa nje ni mizuri kwa sababu haivimbi chini ya kanieneo, ila waya wake hula chochote unachosugua, paipu ya jirani ikiwamo.

Jambo linalosahaulika zaidi ni valvu ya mzigo. Land Cruiser nyingi za aina hii zina valvu kwenye chasi iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo yenye springi, ambayo hupima umbali kati ya vitu hivyo viwili: gari likipakiwa huzama, umbali hupungua, na valvu huruhusu kanieneo kubwa zaidi kwenda nyuma. Gari lililoinuliwa huiambia valvu uongo wa kudumu kwamba halina mzigo, hivyo breki za nyuma hunyimwa nguvu hata likiwa na abiria saba na mizigo yao, na za mbele hubeba kazi kupita kiasi katika mteremko wa kushuka kreta ya Ngorongoro, ambao ni wa mita 600 hivi. Kishikizo cha fimbo kwenye ekseli hupaswa kuinuliwa kwa kimo kile kile gari lilichoinuliwa, kisha kanieneo ya mbele na ya nyuma ilinganishwe kwa geji kufuata kitabu cha gari. Kuifunga valvu hiyo kabisa au kuipitia pembeni, ili nyuma ipate kanieneo yote, hufanya magurudumu ya nyuma yafunge kabla ya yale ya mbele, na gari refu lililofunga magurudumu ya nyuma kwenye vumbi hugeuka ubavu.

Mafuta yanayojazwa ni yale yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Mapya ya DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230 za selisiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya, kiwango hicho cha chini huweza kushuka hadi 155. Chupa iliyokaa wazi rafuni kwa miezi imekwisha kupoteza thamani yake. Upepo hutolewa kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa magari yenye usukani wa kulia ni la nyuma kushoto, na valvu ya mzigo ikiwa na skrubu yake ya kutolea upepo isirukwe. Magari mengi yenye mfumo wa kielektroniki wa kuzuia magurudumu kufunga huhitaji pia kompyuta ya kuuamrisha mfumo huo ufungue milango yake, la sivyo hewa hubaki humo.

Nati za paipu hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 15, kwa spana ya mdomo wa duara wenye mwanya mdogo, inayoshika pande tano za nati badala ya mbili na hivyo haili pembe zake. Baada ya hapo kila kiungio hupanguswa na kukaushwa, injini huwashwa, na msaidizi hukanyaga pedali kwa nguvu zote na kuishikilia kwa dakika mbili huku fundi akipitisha karatasi nyeupe ya tishu kwenye kila nati, kuanzia masta silinda hadi magurudumu. Pedali isizame, na tishu isilowe. Zoezi hilo hurudiwa baada ya safari ya kwanza ya porini, kabla gari halijakabidhiwa kwa wageni. Na kiungio kitakachoonyesha unyevu kisikazwe tu zaidi, kwa sababu mdomo uliokwisha kubanwa kwa nguvu kupita kiasi hupasuka, bali kifunguliwe, mdomo utazamwe kwa kioo, na ukiwa na shaka ukatwe.